Kulala bandani chini ya Mlima Elgon: panga usiku kwanza

Swali: Tuko Nakuru, familia ya watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka kumi na minne, mdogo mitano) na mama mkwe wangu ambaye amefikisha miaka sabini. Desemba hii tunataka kulala mara mbili au tatu kwenye mabanda ya msituni chini ya Mlima Elgon. Hakuna kati yetu aliyewahi kulala porini, na hatuna nia ya kupanda mlima. Gari letu ni Noah. Tupange vipi, tubebe nini, na tutafanya nini huko?

Jibu: Dada, nianze na mwezi, kwa sababu hapo umeshachagua vizuri. Upande wetu wa Mlima Elgon hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu Novemba, na barabara za ndani ya hifadhi ni za udongo. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu. Mvua ya alasiri bado inaweza kuwashtukiza, lakini si ile ya kuwafungia ndani kutwa nzima. Kama likizo ya mume wako inaruhusu, nendeni juma la kwanza au la pili la Desemba. Shule zitakuwa zimeshafungwa na msongamano wa Krismasi utakuwa haujaanza. Mabanda ya Kapkuro, ambayo nadhani ndiyo unayoyawazia, hayazidi vidole vya mkono mmoja, na kuanzia tarehe 20 hivi watu huyagombania.

Kapkuro iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, si mbali na lango la Chorlim, juu ya mji mdogo wa Endebess katika kaunti ya Trans Nzoia. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 169, ilitangazwa mwaka 1968, na inasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Malipo yote ya KWS, kiingilio na malazi, hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo msiende na fedha taslimu mkitarajia kulipia langoni. Lipeni mkiwa nyumbani, chapisheni risiti kwenye karatasi, kwa sababu mtandao wa simu kule unakuja na kuondoka. Siku mbili kabla ya kusafiri pigeni simu mhakikishe kwamba banda lenu linajulikana na kwamba barabara inapitika.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo jibu langu hasa. Karibu kila familia inayoniuliza kuhusu mabanda hunipa orodha ya mchana: tutaona nini, tutatembea wapi, tutapiga picha wapi. Kumbe safari ya namna hii huamuliwa na usiku. Kule jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na halirudi hadi karibu saa kama hiyo asubuhi. Hizo ni saa kumi na mbili za giza na baridi ndani ya vyumba vidogo, mkiwa na mtoto wa miaka mitano na mama wa miaka sabini ambaye hakuomba kuja. Mkizipanga saa hizo vizuri, mchana hautawasumbua, maana msitu na mapango viko pale pale na havihitaji mpango mkubwa. Mkizipuuza, asubuhi ya pili mtakuwa mnafunga mizigo mkiwa mmenuniana.

Usiku mzuri huanzia kwenye saa ya kufika. Kutoka Nakuru hadi Kitale ni kama kilomita 225 kupitia Timboroa na Eldoret, lakini usiihesabu kwa kasi ya lami tupu. Malori ya mizigo hupanda Timboroa polepole na ukungu wa asubuhi huwa mzito pale juu. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mtakuwa Kitale saa nne au saa tano, mle chakula cha mchana mapema, mnunue mboga na nyama, mjaze tangi la mafuta, kisha mshike barabara ya Endebess. Lengeni kuwa langoni si baada ya saa nane. Familia inayofika saa kumi na mbili jioni hupika gizani, hutafuta choo gizani, na mtoto hulala akiwa hajui yuko wapi. Inayofika saa nane ina saa nne nzima za kuzoea.

Zitumieni saa hizo hivi. Kabla hata ya kushusha mizigo yote, mzungushe kila mtu. Mama mkwe aone ngazi ya mlangoni na aikanyage mara mbili tatu, aone choo kiko wapi na swichi au taa iko upande gani wa mlango. Watoto waonyeshwe mpaka: hapa mnacheza, pale kwenye vichaka hamfiki. Jaribuni kufuli na kila komeo la dirisha, kwa sababu nyani wa kule wanajua kufungua dirisha lililorudishwa tu. Ulizeni mahali askari wanapokaa usiku na namba ya kuwapigia. Tandikeni vitanda kungali na mwanga. Kila mtu awe ameoga au amenawa miguu kabla ya saa kumi na mbili, maana baada ya hapo hakuna mtoto atakayekubali kugusa maji.

Kuhusu vyumba, chukueni mabanda mawili, hata kama mtu atawaambia mnaweza kubanana katika moja. Kila banda la Kapkuro ni la watu watatu hivi. Katika jamii nyingi za kwetu mzazi halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, na hata mkiwa hamshiki mila hiyo nyumbani, mama atalala bila raha na hatasema. Mama mkwe alale na mjukuu mkubwa na wa kati katika banda moja, wewe na mumeo mlale na mdogo katika jingine. Mkubwa wenu wa miaka kumi na minne mpeni kazi rasmi: yeye ndiye mwenye tochi ya bibi, na bibi akitaka kutoka usiku humwamsha. Vijana wa umri huo hupenda kuaminiwa, na bibi atakuwa na mtu wa kumwita bila kujisikia mzigo.

Kabla ya kulipa, ulizeni maswali ya moja kwa moja, na muandike majibu. Kuna matandiko au twende na yetu? Kila kitanda kina blanketi ngapi? Jikoni kuna gesi, na mtungi una kitu ndani? Kuna sufuria, sahani, kisu? Maji ya kuoga hupashwa moto na nini? Taa ni za nini, na huzimwa saa ngapi? Kuni zinauzwa pale? Mambo haya hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka, na aliyelala huko miaka mitatu iliyopita hawezi kukujibia. Msitegemee umeme wa kuchaji simu. Nendeni na pawabanki iliyojaa na tochi mbili tatu, angalau moja ya kuvaa kichwani, kwa sababu mpishi anahitaji mikono yote miwili.

Baridi sasa. Mtakuwa juu ya mita 2,000, na Desemba, kwa kuwa anga huwa wazi, joto la mchana hupanda lote likapotea usiku. Kipimo huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nakuru nako kuna baridi, lakini nyumbani mnatoka kitandani mkiingia sebuleni, ilhali kule mtatoka kitandani mkiingia ukungu. Watu hubeba blanketi za kujifunika na kusahau kwamba baridi ya bandani hupanda kutoka chini, kupitia godoro jembamba. Tandikeni blanketi moja zito chini ya shuka, ndipo mjifunike mengine. Kila mtu awe na nguo za kulalia ambazo hazivaliwi mchana kabisa: suruali, sweta, soksi kavu na boshori. Nguo uliyotembea nayo ina jasho hata kama huioni, na jasho hilo ndilo litakalokuamsha saa nane usiku ukitetemeka. Kwa mama mkwe na mtoto mdogo, jazeni maji ya moto kwenye chupa ya kukandia au chupa ya chuma yenye mfuniko wa kukaza, ivisheni chupa hiyo soksi nzito, muiweke miguuni pao dakika kumi kabla hawajaingia kitandani. Ni jambo dogo na linamaliza nusu ya malalamiko ya baridi.

Hapa nakuomba usome polepole, wewe na mumeo wote wawili. Msiingize jiko la makaa ndani ya banda ili kupata joto. Si kwa dakika tano, si likiwa limebaki majivu mekundu tu, si dirisha likiwa wazi kidogo. Makaa yanapowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na kwa sababu ni usiku yeye huona ni uchovu wa safari. Watu hudhani hatari ni moshi, hivyo husubiri makaa yaache kufuka ndipo wayaingize. Makaa yaliyokwisha kufuka ndiyo yanayoua, maana hayamkohozi mtu wala hayamwashi macho ili atoke nje. Kila msimu wa baridi nchini mwetu kuna familia inayozikwa kwa ajili ya jiko lililoachwa chumbani. Sheria hiyo hiyo ihusu jiko la gesi: ni la kupikia jikoni mlango ukiwa wazi, huzimwa mkimaliza kupika, na mtungi haulali chumba kimoja na watu. Kama banda lina mahali pa moto penye bomba la moshi, washeni mapema jioni, muangalie moshi unapanda au unarudi ndani. Ukirudi ndani, zimeni na mlale na blanketi. Moto mkubwa wa kuota uwe nje, mahali palipotengwa, kwa kuni mlizouziwa na wahudumu. Kuokota kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.

Chakula cha usiku wa kwanza kipikwe Nakuru. Mchuzi wa nyama uliogandishwa ndani ya chombo kizito utafika Endebess ukiwa bado baridi, na kule mtasonga ugali tu au kupasha chapati. Maharagwe na githeri msiende kuvichemsha huko. Kwa urefu ule kutoka usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe makavu yatakaa motoni hadi gesi iishe na bado yatagoma meno. Chemsheni nyumbani, muyagawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja. Viazi, mayai, sukuma wiki, maziwa na ndizi mtavipata Kitale kwa bei nzuri kuliko Nakuru, na mnunue zaidi ya mnavyodhani mtakula, kwa sababu watoto msituni hula mara mbili. Chai ya jioni ijazwe kwenye thamosi mbili kabla ya kulala, moja kwa kila banda. Mama akiamka saa kumi usiku na koo limekauka, hatahitaji kumwamsha mtu.

Kumbukeni pia kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zetu: chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, mirija. Askari wa lango watawazuia, na wana haki. Nendeni na jerikeni safi ya maji ya kunywa na chupa zenu za kudumu.

Baada ya kula huja sauti, na hili watoto waambiwe mapema. Kuna mnyama anaitwa perere, mdogo kama sungura mnene, anaishi juu ya miti na hutoka usiku. Huanza kwa kukwaruza, kama mlango mkavu unaofunguliwa kidogo kidogo, kisha sauti hupanda ngazi kwa ngazi hadi inakuwa ukelele wa mtu anayekabwa. Kisha kimya. Kisha mwenzake anajibu kutoka mti mwingine. Mtu mzima asiyemjua perere hukaa kitandani macho wazi akiamini kuna mauaji nje. Mtafutieni mtoto wa miaka mitano sauti yake kwenye simu mkiwa bado nyumbani, acheke nayo mchana, na usiku atakuwa yeye ndiye anayewatuliza wengine. Kabla ya mapambazuko mtasikia mngurumo wa mbega, mzito na wa kuviringika, kundi moja likipokea kwa jingine hadi bonde zima linalia. Amkeni muusikilize, hata kama mtarudi kulala.

Usiku hakuna anayetoka peke yake. Nyati hupita karibu na mabanda, na nyati aliyeshtuliwa gizani hakupi nafasi ya kujieleza. Anayelazimika kutoka amulike kwanza kutoka mlangoni, taratibu, kushoto na kulia, atazame kama kuna macho yanayorudisha mwanga, na akiyaona arudi ndani na kuwapigia askari. Afadhali zaidi, kila banda liwe na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya usiku. Halafu kuna siafu. Chakula kilichomwagika sakafuni huwaita, kwa hiyo fagieni kabla ya kulala na viatu viwekwe juu ya kiti. Safu yao ikiingia bandani msipigane nayo. Hamieni banda la pili, mwiteni mhudumu, na baada ya muda watapita waende zao. Takataka zote na vyakula vilale ndani ya gari.

Sasa mchana, ambao nilikwambia hautawasumbua. Siku ya pili asubuhi nendeni mapangoni mkiwa na askari wa KWS. Kitum ndilo linalojulikana zaidi, pango linaloingia mlimani kama mita 200, na sababu ya kujulikana kwake ni tembo. Kwa vizazi wamekuwa wakiingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wakichimba ukuta kwa pembe ili wale chumvi iliyo ndani ya mwamba. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana, kwa hiyo msiwaahidi watoto kwamba wataona tembo. Waahidini alama. Simameni karibu na ukuta mdomoni mwa pango na muwaonyeshe mistari ya pembe, mingine imepita mahali pale pale mara nyingi hadi imekuwa mifereji unayoweza kulaza kiganja ndani yake. Makingeny, pango la jirani, ni pana zaidi, na maji ya mvua yakiwapo huanguka kama pazia mbele ya mdomo wake.

Lakini ndani kabisa msiende. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 mvulana mmoja wa Denmark, waliugua Marburg na kufariki, na wote wawili walikuwa wameingia Kitum muda mfupi kabla. Marburg ni ugonjwa wa jamii moja na Ebola, na popo wanaokula matunda ndio wanaojulikana kubeba virusi vyake. Watu wengi wamezuru Kitum tangu wakati huo bila tatizo, na sikwambii haya ili mlikimbie. Ila faida ya kumwingiza mtoto wa miaka mitano, anayegusa kila kitu na kisha kutia vidole mdomoni, kwenye vumbi la kinyesi cha popo, siioni. Uzuri wenyewe uko mdomoni: mwanga, majani yanayoning'inia, alama za pembe. Ishieni hapo, msiguse kuta wala sakafu kwa mikono mitupu zaidi ya pale askari anapowaonyesha, na mkitoka nawisheni watoto kwa sabuni kabla hawajala hata biskuti. Mama mkwe anaweza kubaki chini kivulini na mmoja wenu, kwa sababu njia ya kupanda ni fupi lakini ina mawe yanayoteleza.

Alasiri mpumzike. Nasema kwa uzito, kwa sababu wazazi huona aibu kukaa tu baada ya kulipa kiingilio. Wekeni kiti cha mama nje ya banda, palipo na jua. Mbega watashuka wenyewe, weusi na meupe yao mgongoni, wakiruka na mikia ile mirefu ikiwafuata. Kima nao watakuja kuchungulia. Pongo hutoka vichakani kula nyasi mwanga ukianza kulegea. Kwa mtu wa miaka sabini hiyo ni safari kamili bila hatua mia moja za kutembea. Msiwalishe wanyama hata ganda la ndizi. Nyani aliyelishwa na familia ya leo ndiye atakayempokonya mtoto wa familia ya kesho.

Siku ya tatu, kama mtalala mara tatu, chukueni askari kwa matembezi ya saa mbili katika msitu wa miti mikubwa. Huko kuna podo na mitarakwa ambayo ingekuwa imeshakuwa mbao zamani kama isingekuwa ndani ya hifadhi. Mumeo na watoto wawili wakubwa wanaweza kwenda pia hadi Endebess Bluff, genge ambalo ukisimama juu yake unaona mashamba ya Trans Nzoia yote yametandazwa chini. Waelezeni watoto kwamba mlima huu ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji ya nchi yetu na kwamba Mto Nzoia hupata sehemu ya maji yake hapa. Kilele cha Koitoboss chenye mita 4,222 mkiache. Hicho ni safari nyingine na watu wengine.

Mara mbili au tatu? Tatu. Usiku wa kwanza ni wa kuzoea, na familia nyingi hulala vibaya. Wa pili hulala vizuri. Mkiondoka asubuhi inayofuata, mtakuwa mmelipa gharama zote za kuzoea na kuondoka pale ambapo raha imeanza.

Kuhusu mama mkwe kuna jambo moja la kuamua mapema. Urefu ule si wa kumdhuru mtu mzima mwenye afya, na kwa kuwa anatoka Nakuru mwili wake umeshazoea kiasi. Lakini kama ana pumu, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilotulia, mpelekeni kwa daktari wake kabla ya kulipa, mseme wazi mnakwenda wapi na baridi yake ni ya kiasi gani. Dawa zake ziwe za siku tatu zaidi ya safari, na yeye mwenyewe azibebe. Daktari akisita, hamieni Msitu wa Kakamega, nao una mabanda ya KWS upande wa kaskazini. Uko chini zaidi na usiku wake si mkali, kuna mbega na ndege wengi ajabu, ingawa hauna mlima wala mapango. Msimfiche mama hali ya huko ili akubali kuja. Mwambieni kuna baridi, kuna choo cha kutafuta kwa tochi, kuna kelele za perere, na mmuache achague mwenyewe.

Kisanduku cha dawa kiwe na dawa ya homa ya mtoto kwa kipimo chake, chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya mzio, bandeji na plasta. Hospitali ya karibu yenye kila kitu iko Kitale, kwa hiyo gari liegeshwe kila jioni likitazama njia, likiwa na mafuta, na funguo ziwe mahali ambapo wewe na mumeo mnajua.

Na Noah? Lami hupita Endebess, na kipande cha kupanda hadi lango na mabanda hupitika kwa gari dogo ardhi ikiwa kavu, mkienda taratibu. Njia za mapangoni ni jambo jingine: kuna mifereji na mawe, na mvua ya saa moja huugeuza ule udongo kuwa sabuni. Kwa siku hiyo moja tafuteni gari la magurudumu manne na dereva kutoka Kitale, mkubaliane bei kabla, mjue na kiingilio cha gari lake nani analipa. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ile ya kuvutwa na trekta.

Siku ya kuondoka, mkiamka na nguvu, pitieni Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, upande wa barabara ya Kitale kwenda Kapenguria. Hutembelewa kwa miguu tu, kwenye njia za mbao na minara ya kutazamia, na ndiyo mahali pazuri pa kumwona nzohe, swala wa kinamasi ambaye kwato zake ndefu humsaidia kutembea kwenye tope. Huonekana zaidi asubuhi, kwa hiyo ni lazima muwe mmetoka Kapkuro alfajiri mara tu lango linapofunguliwa, na kiingilio chake hulipwa peke yake. Kama watoto wamechoka au mmechelewa kufunga mizigo, iacheni, mshike njia ya Eldoret moja kwa moja ili muwe mmeshuka Timboroa kabla ya giza.